Tuulinde Mkono Unaoshika Usukani

Katika kata ya Usinge, wilayani Kaliua, baiskeli ndiyo gari la mkulima. Hubeba tumbaku na mahindi, madumu ya asali na ya maji, magunia ya mkaa, na mara nyingine hata mgonjwa anayepelekwa zahanati akiwa ameketi juu ya keria. Mgonjwa huyo akifika hupokewa, hupimwa na hupewa dawa. Aliyemleta huegemeza baiskeli ukutani, hukung'uta mikono iliyokufa ganzi, kisha hurudi alikotoka bila kuulizwa neno. Makala haya yanamhusu huyu wa pili. Hoja yangu ni kwamba ganzi ya mikono ya mwendesha baiskeli ni madhara ya kazi, kwamba mara nyingi madhara hayo huweza kuzuiwa kwa kuurekebisha usukani, na kwamba sisi wa fani ya afya tumekosea kumwachia fundi baiskeli peke yake jambo hili.

Ukanda huu una historia ndefu ya mizigo. Kabla ya reli kufika Kigoma mwaka 1914, bidhaa zilizotoka pwani kwenda Ujiji kupitia Tabora, na pembe za ndovu zilizorudi Bagamoyo, zilibebwa na mapagazi, wengi wao wakiwa Wanyamwezi. Mzigo wa kawaida wa pagazi ulikuwa na kipimo chake, karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi. Na mapagazi waliozidishiwa waliweza kugoma au kuutoroka msafara. Mzigo wa baiskeli ya leo hauna kipimo cha namna hiyo. Kikomo chake ni uimara wa spoku na keria, wala si uwezo wa mwili wa mtu. Tairi likilemewa hupasuka, na kila mtu husikia. Mshipa wa fahamu ukibanwa haupigi kelele.

Mishipa miwili ya fahamu ndiyo inayohusika zaidi, na yote hupita kwenye kifundo cha mkono. Wa kwanza huitwa ulna. Hupita upande wa kidole kidogo, ndani ya njia nyembamba iliyoelezwa na daktari mpasuaji Mfaransa, Félix Guyon, mwaka 1861. Njia hiyo haiko mbali na ngozi. Iko kwenye kitako cha kiganja, pale pale panapoegemea usukani. Mshipa huu ukibanwa, ganzi hushika kidole kidogo na nusu ya kidole cha pete. Ukiendelea kubanwa, misuli midogo ya kiganja hudhoofu, hata mtu akashindwa kufunga kifungo cha shati au kugeuza ufunguo. Wa pili huitwa mediani. Hupita katikati ya kifundo, na hubanwa zaidi mkono unapokaa umekunjwa kwa muda mrefu. Ganzi yake hushika kidole gumba, cha shahada, cha kati na nusu iliyobaki ya kidole cha pete, na aghalabu humwamsha mtu usiku.

Mikono nayo haifanani. Mzee mwenye ugonjwa wa viungo, mama mjamzito aliyevimba mikono, mtu mwenye kisukari, au yule aliyewahi kuvunjika kifundo, wote huumia mapema kuliko kijana mzima. Kumwambia mtu kama huyo kwamba atazoea ni kumwambia aendelee kujiumiza.

Tuitazame sasa baiskeli yenyewe. Zile za chuma zilizoenea vijijini, kama Phoenix ya China, zina usukani uliopinda kurudi nyuma, ili mwendeshaji akae wima na uzito wake uangukie siti. Umbo hilo ni jema. Shida huja baadaye. Plastiki ya kushikia hukauka, hupasuka na kuacha bomba tupu la chuma. Siti hulegea na kuinama mbele, nayo humsukuma mwendeshaji kila mara juu ya mikono yake. Gunia zito likiwekwa nyuma ya ekseli, gurudumu la mbele huwa jepesi na usukani huyumba, basi mtu huukaza mkono kwa nguvu zote. Kisha ongeza njia za mchanga na mizizi, na mtetemo unaopanda kutoka kwenye foku hadi kiganjani kwa saa nyingi.

Marekebisho yaanze na siti, wala si usukani. Siti ilazwe sawa, ncha yake isitazame chini. Pili, usukani uinuliwe ili mgongo unyooke na mikono ipunguziwe uzito, lakini usivuke alama ya kikomo iliyo kwenye shingo yake, kwani shingo ikitolewa kupita hapo huweza kung'oka au kuvunjika safarini. Tatu, usukani uzungushwe hadi mkono na kifundo vikae katika mstari mmoja, visikunjwe juu wala chini. Nne ndipo lije suala la kuvalisha bomba. Vipande vya tyubu kuukuu, vilivyokatwa kwa upana ulio sawa na kukazwa vizuri, hutosha. Visiwe vinene mno, maana bomba nene humlazimu mtu kukaza vidole zaidi. Na visizunguke mkononi, kwani kinachozunguka hushikwa kwa nguvu zaidi kuliko chuma kitupu. Hatimaye mzigo usogezwe mbele na kushushwa chini kadiri inavyowezekana, na safari ikatizwe mara kwa mara ili mikono ipumzike.

Wapo wasioendesha bali husukuma, kwa kuwa mzigo umeacha nafasi ya mzigo tu. Hawa huinama pembeni, mkono mmoja ukiwa umepindwa juu ya usukani. Vietnam, katika vita vya Dien Bien Phu mwaka 1954, wachukuzi walisukuma baiskeli zilizobeba zaidi ya kilo 200. Walifunga fimbo ya mwanzi kwenye usukani ili uwe mrefu, na nyingine nyuma ya siti, wakaweza kutembea wima kando ya mzigo. Fimbo imara iliyofungwa kwa mpira si utaalamu ulio mbali na fundi yeyote wa Usinge.

Hata hivyo nina onyo, na hapa ndipo fundi anapomhitaji tabibu. Si kila ganzi hutokana na usukani. Ganzi inayoanzia miguuni kisha ikafika mikononi huweza kuwa ya kisukari. Ganzi yenye baka la ngozi lililofifia na lisilohisi mguso, au mshipa ulionenepa nyuma ya kiwiko, huweza kuwa ukoma, ugonjwa ambao bado upo nchini na unaopenda kuushambulia mshipa huu huu wa ulna. Ukoma unatibika kwa dawa za mseto, bila malipo, kwa miezi 6 au 12 kulingana na aina yake. Lakini mshipa uliokwisha kufa haufufuki. Mtu akivalisha usukani mpira na kuusubiri mkono upone, ilhali ugonjwa uko mwilini, atakuwa amefunika moshi na kuuacha moto. Kwa hiyo ganzi isiyoisha baada ya siku chache za kupumzika, au inayoandamana na udhaifu wa vidole, ipelekwe kituo cha afya.

Wapo watakaosema kwamba zahanati zetu zina malaria, uzazi na utapiamlo wa kushughulikia, na kwamba usukani ni anasa. Naielewa hoja hiyo, ila siikubali. Sheria ya Fidia kwa Wafanyakazi ya mwaka 2008 iliweka mfuko wa kumlipa mwajiriwa anayeumia kazini. Mchukuzi wa Usinge hana mwajiri, hivyo hana fidia. Mkono wake ukidhoofu, jembe, baiskeli na ada ya shule ya mtoto hudhoofu pamoja nao. Nao ulinzi ninaouomba hauhitaji bajeti. Tabibu amwulize kila mwenye ganzi maswali mawili: unabeba nini kwa baiskeli, na unashikaje usukani? Kisha amguse ngozi na kiwiko. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii atenge asubuhi moja akae na mafundi wa kituo chake, awaonyeshe mstari wa kifundo na dalili za hatari, naye ajifunze kwao namna ya kulaza siti. Vyuo vyetu navyo vifundishe kwamba historia ya kazi ya mgonjwa haijakamilika kwa kuandika neno "mkulima".

Siku hayo yatakapofanyika, yule aliyemleta mgonjwa hataondoka bila kuulizwa neno. Ataulizwa: na wewe, mikono yako ikoje?