Duka la kupanga: kwa nini “toka kesho” si sheria

Mwanzoni mwa mwaka 2025, vita ilipoingia Goma na kisha Bukavu, benki zilifunga milango, uwanja wa ndege wa Goma ulifungwa, na bidhaa zikaanza kupita njia za mzunguko. Ku redio na ku soko watu waliongelea sana bei ya unga na bei ya dola. Jambo lingine liliongelewa kidogo: malipo ya nyumba za biashara. Mwenye butiki ambaye feza yake ilibaki ndani ya benki alidaiwa kila mwezi kama kawaida. Mwenye nyumba naye, ambaye pengine hana mapato mengine ila yale malipo, alikuwa na watoto wa kulisha na kusomesha. Na kule Beni, ambako ofisi za serkali ya jimbo la Kivu ya Kaskazini zilihamia, watu waliokimbia walifika wakitafuta pahali pa kuishi na pahali pa kuuzia.

Katika hali kama hiyo, maneno mawili yanatosha kuvunja kazi ya miaka kumi: “Toka kesho.” Mpangaji anafunga mizigo, anapoteza wateja wake, na anaenda kuanza upya kwenye kartie ingine. Wengi wanatoka bila kuuliza chochote, kwa sababu hawakuandikiana kitu na mwenye nyumba, na wanafikiri kwamba bila karatasi hawana haki. Hapo ndipo kosa kubwa linapoanzia. Sheria inayotumika Congo inasema kinyume.

Sheria yenyewe ni ipi

Tangu tarehe 12 Septemba 2012, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Congo iko ndani ya OHADA, umoja wa nchi za Afrika ambazo zina sheria moja ya biashara. Sheria ya OHADA juu ya biashara kwa jumla ilipitishwa Lomé, Togo, tarehe 15 Desemba 2010. Ndani yake kuna sehemu nzima juu ya nyumba zinazopangwa kwa kazi: butiki, depo, atelie ya mshonaji, farmasi, salo ya nywele, ofisi. Inagusa hata parseli tupu ambayo mpangaji amejenga juu yake kibanda au depo, ikiwa mwenye parseli alikubali au alijua.

Si kila pahali pa kuuzia panaingia humo. Meza ndani ya soko la serkali, ao kibanda kando ya barabara, viko juu ya ardhi ya leta na vina utaratibu wake. Lakini chumba cha mtu binafsi kule Birere, Nyawera, Kadutu ao katikati ya Butembo kinaingia moja kwa moja. Na vifungu vyake vikubwa, kwa mfano kile cha kufanywa upya kwa kontra na kile cha kufukuza, haviwezi kufutwa na masikilizano ya watu wawili. Hata kama kontra imeandika kwamba mpangaji “atatoka siku yoyote mwenye nyumba atakapotaka,” mustari huo hauna nguvu mbele ya muamuzi.

Kukosa karatasi si kukosa kontra

Kifungu cha 103 kinasema wazi: kontra ya nyumba ya biashara inaweza kuandikwa ao kusemwa kwa mdomo tu. Zote mbili ni kontra. Tena, pale ambapo hawakuandika ao hawakuweka muda, sheria inahesabu kwamba kontra haina mwisho uliopangwa. Mwenye kutaka kuivunja anapaswa kutoa preavi ya miezi 6 kamili. Barua hiyo ipelekwe na wisie wa tribinali, ao kwa njia ingine inayoonyesha kwamba mwenzake ameipokea kweli.

Kwa nini basi wenye nyumba wengi hawapendi kuandika? Sababu moja iko ku kodi. Kodi juu ya mapato ya nyumba za kupanga iko mkononi mwa majimbo, na kontra iliyoandikwa ni ushuhuda wa mapato hayo. Kwa kuikwepa, mwenye nyumba anajiweka yeye mwenyewe pabaya: hawezi kuonyesha kwamba muda umeisha, wala bei iliyokubaliwa, wala hali ya chumba siku alipokitoa. Kwa hiyo kuandika kunawasaidia wote wawili.

Shida ya mpangaji asiye na karatasi ni kuonyesha tu kwamba alipanga. Hapo resi za kila mwezi, ujumbe wa simu na alama za malipo ya M-Pesa, Airtel Money ao Orange Money vinageuka kuwa mali. Sheria ya OHADA inaruhusu malipo ya nyumba kupitia njia ya elektroniki. Wakati benki zimefungwa, kulipa kwa simu ku namba ya mwenye nyumba mwenyewe, na kuhifadhi ule ujumbe, ni bora kuliko kumupatia komisioneri feza mkononi bila saini.

Miaka miwili inabadilisha mambo

Mpangaji aliyefanya kazi ndani ya nyumba kwa miaka 2 ao zaidi, na aliyefanya ile kazi iliyokubaliwa, ana haki kontra yake ifanywe upya. Lakini haki hiyo ina kalenda yake, na wengi wanaipoteza kwa kutojua tarehe.

Kama kontra ina mwisho, tuseme tarehe 31 Desemba, mpangaji anapaswa kuomba ifanywe upya miezi 3 mbele, maana yake kabla ya mwisho wa Septemba, kwa njia ileile ya wisie ao barua yenye kuonyesha imepokelewa. Akiacha tarehe hiyo ipite, haki imekwenda. Akiomba kwa wakati na mwenye nyumba akanyamaza mpaka inabaki mwezi 1, ukimya huo unahesabiwa kuwa amekubali.

Mwenye nyumba anaweza kukataa, lakini kukataa kuna bei: anapaswa kumulipa mpangaji fidia ya kumuondoa. Wakikosa kusikilizana, muamuzi ndiye anapanga kiasi, akiangalia mauzo ya duka, feza ambazo mpangaji alitia ndani yake, mahali lilipo, na gharama za kuhama. Hapa daftari ya kila siku inaonyesha faida yake. Mama anayeandika mauzo na matumizi kila jioni anaweza kuonyesha duka lake lilikuwa na thamani gani. Asiyeandika atabaki na maneno tu.

Kuna nafasi ambapo fidia hailipwi. Ya kwanza ni kosa kubwa la mpangaji, kwa mfano kutolipa, ikiwa ameonywa na hakurekebisha. Ya pili ni wakati mwenye nyumba anataka kubomoa na kujenga upya: lazima aeleze kazi atakayofanya, mpangaji abaki mpaka kazi ianze, na awe wa kwanza kupewa nafasi ndani ya nyumba mpya kama inafaa kwa kazi yake.

Nyumba ikiuzwa, mwenye duka akifa

Maneno yanayosikilikana sana ni haya: “Nyumba imeuzwa, mwenyewe mpya hakutaki.” Kuuzwa kwa nyumba hakuvunji kontra. Mnunuzi anachukua nafasi ya yule wa zamani, pamoja na wapangaji wake.

Kifo vilevile hakivunji kontra. Katika majimbo ambako watu wengi wamekufa kwa vita, kifungu hiki kina uzito. Mume mwenye depo akifa, mjane, watoto ao wazazi wake wanaweza kuendelea na kontra ileile, kwa sharti waombe ndani ya miezi 3 tangu siku ya kifo, kwa barua iliyopokelewa. Miezi hiyo mara nyingi inapita ndani ya matanga na magombano ya familia juu ya mali. Jamaa inayopanga mazishi ingefaa ipange na barua hiyo, mbele ya kugawana bidhaa.

Feza ikikosekana kwa sababu ya vita

Hapa sheria haina jibu rahisi. Hakuna kifungu kinachosema kwamba malipo yanafutika kwa sababu benki imefungwa ao wateja wamekimbia. Nyumba ikibomoka yote kwa bombu, moto ao lava, kama ilivyotokea kaskazini mwa Goma Nyiragongo ilipolipuka tarehe 22 Mei 2021, kontra inaisha yenyewe, kwa sababu kitu kilichopangwa hakipo tena. Lakini nyumba ikiwa bado imesimama, deni linaendelea kuhesabiwa, isipokuwa wawili wasikilizane ao muamuzi aone vingine.

Kwa hiyo, mpangaji mwenye shida anapaswa kwenda kwa mwenye nyumba mapema, mbele miezi mitatu haijarundikana, na masikilizano yaandikwe: kiasi kilichopunguzwa, kwa miezi mingapi, na deni la nyuma litalipwa namna gani. Ukurasa mmoja wenye saini mbili na shahidi unatosha.

Na hata mpangaji mwenye deni hafukuzwi kwa kuvunja kufuli usiku. Kifungu cha 133 kinataka kwanza barua ya onyo inayotaja kosa, kisha mwezi 1 wa kurekebisha, na baadaye tribinali. Shefu wa kartie, polisi ao mwenye silaha hawana uwezo wa kuamua kontra imevunjika.

Lakini tribinali yenyewe iko wapi? Swali hili ni la haki kabisa. Katika miji ambayo serkali ya Kinshasa haitawali tena, matribinali yake hayafanyi kazi kama zamani, na watu wanaogopa kujulikana. Pale ambapo hakuna muamuzi wa kukimbilia leo, karatasi inabaki na kazi mbili: inasaidia wazee, kanisa, chama cha wafanyabiashara ao jamaa kupatanisha bila kubahatisha, na inangojea siku ambapo muamuzi atakuwepo. Pale ambapo tribinali inafanya kazi, asiye na feza ya avoka anaweza kuuliza ku ofisi ya ushauri wa bure ya Baro, ambayo sheria ya Congo inaomba kila Baro iwe nayo.

Ya kutayarisha tangu sasa

– Andika kontra, hata ya ukurasa mmoja: majina, chumba, kazi itakayofanywa, bei na aina ya feza, tarehe ya kuanza, kiasi cha garanti na siku ya kuirudisha.

– Piga picha za chumba siku ya kuingia. Sheria inamupa mwenye nyumba kazi kubwa kama paa, kuta na shimo la choo. Matengenezo madogo ya kila siku ni ya mpangaji.

– Usibadilishe kazi wala kumupangisha mwingine bila ruhusa iliyoandikwa.

– Weka tarehe ya miezi 3 mbele ya mwisho wa kontra ndani ya simu na ukutani.

– Jiandikishe ku RCCM kupitia GUCE pale inapofanya kazi. Aliyeandikishwa anaaminiwa kuwa mfanyabiashara bila kutafuta mashahidi.

– Piga picha za kontra na resi, na umutumie ndugu anayeishi mji mwingine. Wengi waliokimbia mwaka 2025 waliacha karatasi nyuma.

– Usitegemee mlango peke yake. Namba za wateja ndani ya daftari, kikundi cha WhatsApp cha duka, na jina lililoandikwa ku resi na ku mifuko vinafanya wateja wakufuate ukihama.

Hakuna hata moja kati ya haya linalozuia vita ao kufungua benki. Lakini mwenye duka anayejua kwamba preavi ni miezi 6, na mwenye nyumba anayejua kwamba kumufukuza mtu wa miaka miwili kuna fidia, watakaa chini kuongea kwanza. Na kwa mama mwenye watoto watano na butiki moja, kuongea kwanza kunaweza kuokoa mwaka mzima wa masomo.