Mwalimu wa Dini na Mabenchi Matupu



Wiki hii tuzungumze habari za walimu wa dini, yaani makatekista, hasa wale wa vigango vya machimboni. Nimekutana na mmoja wao, mtu wa makamo, ambaye kigango chake kiko upande wa Geita, katikati ya maduara ya dhahabu. Jina lake silitaji, maana hakuniruhusu.

Mwaka jana watu walijaa kigangoni kwake hata akaomba mabenchi zaidi parokiani. Kisha yakaja maneno kwamba dhahabu imetoka mahali fulani porini. Wachimbaji huita jambo hilo rashi. Siku tatu hazijapita, vijana walikuwa wameondoka, mama ntilie wakawafuata, na wenye makarasha wakawafuata mama ntilie. Wakatekumeni wake, ambao walibakiza miezi miwili tu wabatizwe, nao wakaenda. Jumapili iliyofuata aliongoza ibada mbele ya mabibi sita, mama mmoja mjamzito, na mtoto aliyechezea kengele.

Mtu aliyesoma naye shule ya msingi ana mwalo wake wa kuoshea mchanga, na nyumba ya bati, na pikipiki mbili. Yeye akipewa debe la mahindi wakati wa mavuno, hushukuru. Usiku mmoja mkewe alimwuliza, wala si kwa hasira, "Baba, siku hizi unamfundisha nani?" Swali hilo lilimwingia kama mwiba. Akaamua kuchukua ufunguo wa kigango pamoja na daftari la wakatekumeni, ampelekee paroko.

Mimi sikumhubiria. Mtu aliyechoka akihubiriwa, huchoka mara mbili. Nilimsimulia tu habari za Bukumbi, ambako si mbali na Kigongo, pale watu wanapovuka maji kwenda Busisi. Mapadre Weupe walifika kusini ya ziwa mwishoni mwa mwaka 1878, na mwaka 1879 Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, akavuka kwenda Buganda pamoja na Bruda Amans. Walifundisha, wakabatiza wachache. Lakini Kabaka Mutesa aliwageuzia moyo, hatari ikazidi, na Novemba 1882 wakafunga mizigo yao wakarudi huku kwetu kusini. Mwaka uliofuata misioni ya Bukumbi ikaanzishwa. Sisi katika mahubiri tunapenda kuwasifu kama mashujaa, na ni haki yao, lakini mwaka ule walikuwa watu walioacha kazi nusu.

Kule nyuma walibaki Wakristo wachanga mno. Yosefu Mukasa alikuwa amebatizwa Aprili mwaka ule ule, na Matia Mulumba Mei. Hawakuwa na padre wala Misa. Walikuwa na yale waliyofundishwa tu, wakawafundisha wenzao. Mapadre waliporudi Julai 1885 walikuta watu wanaojifunza dini ni wengi kuliko wale waliowaacha. Novemba ya mwaka huo Yosefu akauawa, na Matia mwaka 1886. Leo tunawaita watakatifu, tangu Oktoba 1964.

Mwalimu akanisikiliza, kisha akanijibu vizuri sana. "Hao walibaki pamoja. Wangu wametawanyika porini, na kule kuna gongo tu." Nikakosa la kusema. Ni kweli, mifano ya watakatifu haitoshei kila mguu.

Aliyemrudisha si mimi. Ni bibi mmoja katika wale sita. Alisikia habari za ufunguo, akaja alfajiri na fimbo yake. "Mwangaluka, mwalimu. Nasikia unaondoka kwa kuwa watu wameisha. Sisi ni mbuzi?"

Msomaji wa mbali huenda atacheka. Wa kwetu hatacheka sana. Katika mikoa hii ya Shinyanga na Geita, mwanamke mzee ambaye macho yake yamekuwa mekundu kwa moshi wa kuni ameweza kuitwa mchawi, na wako waliokatwa mapanga usiku ndani ya nyumba zao. Bibi huyo anaishi peke yake. Wajukuu wa jirani wamekatazwa kupokea karanga mkononi mwake. Mahali anapoitwa kwa jina lake la ubatizo, akapewa mkono wa amani na kuulizwa habari za mguu wake, ni pale kigangoni. Mwalimu alikuwa amezoea kuhesabu vijana, na mabibi akawahesabu kama mabaki. Aliniambia aliona aibu hata akashindwa kumkaribisha chai.

Basi ufunguo haukwenda kwa paroko. Jumapili moja, baada ya ibada ya mabibi, aliomba pikipiki (ya yule yule mwenye mwalo, nanyi mcheke kidogo) akaenda hadi kwenye rashi. Wengi walijifanya hawamwoni. Wawili katika wakatekumeni wake walikuwa wamelewa. Lakini chini ya turubai alimkuta binti mmoja auzaye maandazi, naye akiongoza Rozari na watu watano, akichanganya matendo ya uchungu na ya utukufu. Akakaa juu ya ndoo akangoja wamalize, ndipo akamsahihisha polepole.

Sasa huenda huko kila Jumapili ya pili. Nilipomwona mwezi uliopita alinionyesha daftari. Amefuta majina mawili na kuandika manne mapya. Mkewe alikuwa pale akichambua maharage, nikamwuliza kama ameridhika. Akasema mahindi ni yale yale, debe moja, ila mume wake siku hizi analala usingizi.