Kambove: Kuongeza mafuta si kutengeneza elevateri

Kambove ni mji uliokulia kwenye shaba tangu wakati wa Union Minière, na hapa mashine haitupwi kwa sababu ya uzee. Elevateri ya zamani ikitunzwa inaendelea kuinua mizigo na kulisha familia. Shida ni desturi ya baadhi ya wenye mashine: nguvu ikipungua, shofere anapewa bidoni, anajaza mafuta ya idroliki, kazi inaendelea. Kesho anajaza tena.

Mafuta hayo hayaungui kama mazuti. Yanatoka kwenye tangi, yanasukumwa na pompi hadi kwenye silinda, kisha yanarudi. Yakipungua, kuna mahali yanapovuja. Kujaza bila kutafuta mahali hapo ni kuchota maji kwa kikapu.

Fundi mzuri huanza kwa kuyatazama. Yakiwa meupe kama maziwa, mara nyingi maji yameingia, hasa kama mashine inalala nje wakati wa mvua. Yakitoa povu, pompi inavuta hewa: ama mafuta ni machache, ama bomba la kuvutia limelegea. Yakiwa meusi na yananuka kuungua, yamepata joto kupita kiasi. Yabadilishwe pamoja na filtri. Mzigo ukishuka wenyewe polepole, mipira ya ndani ya silinda au vali imechakaa.

Wenye mashine watasema vipuri ni ghali na vingine vinafuatwa Lubumbashi. Ni kweli. Lakini mpira wa silinda una bei ndogo kuliko pompi nzima. Tena wanahesabu hasara ya siku moja ya kusimama, hawahesabu mtu anayepita karibu na mzigo ulioinuliwa.

Hata kutafuta uvujaji kuna hatari. Mafuta yenye shinikizo yakitoka kwenye tundu dogo hutoboa ngozi kama sindano. Kitumike kipande cha katoni, si kidole. Aliyetobolewa apelekwe hospitali mara moja, hata kidonda kikiwa kidogo.

Kwa hiyo shofere apewe haki ya kusema "leo hatuinui" bila kukatwa mshahara. Uma ushushwe hadi chini, moteri izimwe, fundi aitwe. Mashine irudi kazini baada ya uvujaji kupatikana na kuzibwa, si baada ya bidoni kumalizika.