Maji yanampalia baba

Wiki hii najibu barua ya mama mmoja wa Titye, wilayani Kasulu. Mume wake alianza kuangusha jembe, kisha mguu ukawa unaburura, na sasa anaongea kama mlevi ingawa pombe hanywi. Daktari amewaambia ni ugonjwa wa neva zinazoendesha misuli. Shemeji zake wanataka shamba liuzwe, itafutwe dawa. Anauliza, tuuze?

Mama, pole sana. Usikubali kuuza kwanza. Dawa ipo, riluzoli, imekuwa ikitumika tangu miaka ya 1990, kidonge cha miligramu 50 mara mbili kwa siku, na damu hupimwa ili kuangalia ini. Lakini haiponyi. Katika majaribio iliongeza maisha kwa miezi miwili au mitatu hivi. Anayeuza shamba ajue ananunua nini. Mate yanayomtiririka yana dawa ya zamani, amitriptilini, nayo si ghali; mwulize daktari.

Kilichonishtua ni maneno uliyoyaandika kwa kupita tu, kwamba akinywa maji anakohoa mpaka machozi. Hapo ndipo penye hatari. Maji ni mepesi, hukimbilia njia ya hewa kabla koo halijajifunga, yakafika mapafuni, na nimonia ikafuata. Wengi wetu tunadhani ugali ndio unaokaba! Maji yake sasa yapitie kwenye uji mzito usio na mabonge. Ndizi zilizopondwa kwa mchuzi wa mawese zinafaa, parachichi pia. Wali mkavu na maharage yenye maganda, acha. Akae wima kabisa, kidevu akishushe anapomeza, kijiko kidogo, na usiongeze kingine kabla hajameza. Asilale mpaka ipite nusu saa. Kama una haraka ya shambani, kazi hiyo mwachie binti yako mwenye subira.

Akianza kukosa pumzi akilala chali, au kuamka na kichwa kinauma kila asubuhi, mrudisheni hospitali.

Wanaosema amerogwa na wanaoogopa kula naye, waambie hauambukizi. Masikio yake ni mazima, na kwa wagonjwa wengi akili hubaki timamu. Anasikia mnayonong'ona mlangoni. Kubalianeni ishara mapema, kufumba macho mara moja ndiyo, mara mbili hapana. Na hilo la shamba mwulizeni mwenyewe, wiki hii, angali anaweza kujibu kwa mdomo wake.