Acacia: mkurugenzi huru alikuwa huru kwa ajili ya nani?

Nimerudi juzi kutoka Tarime na kuna swali limenikaa kooni.

Nilikuwa Genkuru, nimeketi kwa mama ntilie nasubiri bodaboda. Mzee mmoja alipojua mimi ni mwandishi, akaanza kuhesabu kwa vidole waliopita mgodi wa North Mara: Afrika Mashariki, Placer Dome, Barrick, African Barrick, Acacia, Barrick tena, sasa na Twiga. Akaniuliza: "Kijana wangu, wewe umesoma. Katika hao wote, nani alikuwa anaingia kwenye vikao kututetea sisi?" Nikababaika.

Jibu la vitabuni lipo. Kampuni ikiuza hisa sokoni, bodi yake inatakiwa iwe na wakurugenzi huru, yaani watu wasiofungwa na ajira wala biashara kwa mwenye hisa nyingi. Hao ndio wa kusema "hapana" mkubwa anapotaka kujipendelea. African Barrick Gold iliingia soko la London mwaka 2010, la Dar es Salaam mwaka 2011, na mwaka 2014 ikajiita Acacia. Barrick ya Canada ilikuwa na karibu asilimia 64 ya hisa. Na mwenyekiti wa bodi? Kelvin Dushnisky, ambaye wakati huohuo alikuwa rais wa Barrick! Wakurugenzi huru walikuwepo, ila kiti cha mbele kilikaliwa na mtu wa mwenye nyumba.

Sasa kumbukeni 2017 (nilikuwa Mlimani, bwenini hatukuwa na wimbo mwingine zaidi ya makinikia). Machi serikali ikazuia mchanga ule kusafirishwa nje. Juni 14 mwenyekiti mtendaji wa Barrick, John Thornton, akaonana na Rais Magufuli Ikulu. Acacia, yenye migodi na yenye kudaiwa kodi, haikuwa mezani. Oktoba 19 yakatangazwa makubaliano: serikali ipate asilimia 16 ya hisa, faida za kiuchumi zigawanywe nusu kwa nusu, zilipwe dola milioni 300. Acacia ikasema haikushiriki mazungumzo, na fedha hizo haina uwezo wa kuzitoa. Yaani baba anaahidi ng'ombe walio kwenye zizi la mwanawe aliyekwisha oa, na mwana anasikia kwa majirani!

Mtaniambia serikali ndiyo haikuitaka Acacia. Kweli, mwaka 2019 ilisema haitasaini mkataba ambao Acacia imo. Nami sina chozi la kuwalilia. Kesi ya wanavijiji iliyofunguliwa London mwaka 2013, kuhusu watu waliouawa na kujeruhiwa mgodini, iliisha kwa maelewano mwaka 2015. Lakini bodi ya namna ile, hata ingetaka kutusikiliza, ingeamua nini wakati mambo makubwa yanaamuliwa juu yake?

Tuwatendee haki. Mei 2019 Barrick ilipotaka kununua hisa zilizobaki, ilianza kwa kutoa hisa yake 0.153 kwa kila hisa moja ya Acacia. Wakurugenzi huru wakabisha, ikapanda hadi 0.168. Septemba biashara ikaisha na Acacia ikatoka masokoni. Wenye hisa wachache wakapata nafuu. Mwezi huohuo wa Mei, NEMC iliupiga mgodi faini ya shilingi bilioni 5.6 kwa sababu ya bwawa la tope sumu. Huko London wanabishania desimali, huku bwawa linavuja. Wa bwawani hakuwa na hisa.

Na leo? Twiga, iliyosainiwa Januari 2020, haiko kwenye soko lolote la hisa. Serikali ina asilimia zake 16, na nasikia watu wakisema basi tuna watu wetu ndani. Watu wetu wepi? Mjumbe anayetumwa na mwenye hisa, ambaye pia ndiye mkusanya kodi na mkaguzi wa bwawa, ana uhuru gani? Mgodi ukifungwa kwa ukaguzi, gawio linapungua na kodi inapungua. Mimi nataka bodi ile iwe na mtu asiyetumwa na Barrick wala Dodoma, jina lake libandikwe ofisi za vijiji, na kumbukumbu za vikao kuhusu maji na fidia zisomwe kwenye mkutano wa kijiji. Na kama hisa zetu ni nzuri kama tunavyoambiwa, sehemu yake iuzwe pale Soko la Hisa Dar es Salaam, tusome hesabu kwa Kiswahili.

Bodaboda ilifika kabla sijamjibu mzee. Namba yake ninayo. Nimpigie nimwambie nini?