RISALA YA WANAFUNZI WA SHAHADA YA KWANZA KUHUSU VITABU VYA AKIBA MAKTABANI

Mheshimiwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo (Taaluma),
Mkurugenzi wa Maktaba,
Wakuu wa Idara,
Wahadhiri na Wakutubi,
Wanafunzi wenzetu,

Tumekuja na jambo moja tu: vitabu vya akiba, yaani vile vya kozi zetu vinavyokaa nyuma ya kaunta na kuazimwa kwa saa mbili mbili, bila kutoka nje ya jengo isipokuwa kwa ruhusa ya kulala nacho.

Mheshimiwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, hatuombi akiba ifutwe. Tunajua ilianzishwa kwa nini. Kitabu cha kozi kikiachwa kwenye rafu za kawaida, anayewahi hukaa nacho wiki mbili, na darasa zima hubaki mikono mitupu. Kununua nako hakuwezekani kwa wengi wetu. Kitabu kimoja cha sheria au cha tiba kutoka nje kinaweza kumaliza posho ya vitabu na viandikwa inayotoka Bodi ya Mikopo, na wapo wenzetu wasio na mkopo kabisa. Akiba humzuia kila mmoja kidogo ili wote wapate. Malalamiko yetu ni kwamba siku hizi kizuizi kipo, na kupata hakupo.

MALALAMIKO

La kwanza, orodha zinachelewa. Wiki ya kwanza tunapewa muhtasari wa kozi unaosema vitabu vya lazima viko akiba. Tukifika kaunta tunajibiwa kuwa idara haijaleta orodha. Wakutubi hawana kosa hapo, kwani hawawezi kuhamisha kitabu wasichoambiwa. Orodha inapofika, nakala imeshaazimwa kwa utaratibu wa kawaida, na hakuna anayemwita aliyenayo airudishe. Hivyo tunakaa kwenye semina kujadili sura ambazo nusu ya darasa haijaziona, kisha tunaambiwa wanafunzi wa leo hawasomi.

La pili, nakala hazitoshi, na hesabu yake ni nyepesi. Kaunta ikifunguliwa saa 2 asubuhi na kufungwa saa 4 usiku, ni saa 14. Kwa saa mbili mbili, nakala moja haiwezi kupita kwa wasomaji zaidi ya 7 kwa siku, hata kama kila mmoja anairudisha kwa dakika. Darasa la wanafunzi 210 litahitaji siku 30 ili kila mmoja aishike mara moja. Semina haisubiri siku 30. Tukitaja mfano, kitabu cha Walter Rodney kuhusu jinsi Ulaya ilivyoidumaza Afrika kiliandikwa Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 1972. Kinasomwa katika historia, uchumi na sayansi ya siasa, lakini akiba inakihesabu kama kitabu cha kozi moja. Madarasa matatu yanagombea nakala ya darasa moja.

La tatu, saa za huduma hazilingani na maisha yetu. Kaunta ya akiba hufungwa mapema kuliko maktaba yenyewe, na mwisho wa wiki hufunguliwa kwa saa chache. Ruhusa ya kulala na kitabu hutolewa dakika za mwisho kabla ya kufunga. Anayeishi hosteli anasubiri. Anayepanga mbali na chuo anatazama saa, anafikiria daladala mbili za kumfikisha nyumbani, anaondoka. Faini nayo inahesabiwa kwa saa, na foleni ya daladala si sababu inayokubalika.

La nne, akiba haisafishwi. Zipo rafu zilizojaa vitabu vya kozi zilizokwisha kufutwa na vya wahadhiri waliokwisha kustaafu. Hapo hapo katalogi ya kompyuta inaonyesha kitabu kipo bila kusema kipo akiba, na mwanafunzi anazunguka ghorofa hadi ghorofa akitafuta kilichofungiwa kaunta. Wenzetu wa sheria bado wanapanga foleni ya hukumu zilizochapwa, ilhali hukumu nyingi za mahakama zetu zinasomeka bure kwenye tovuti ya TanzLII. Nafasi hiyo ingekalia vitabu visivyopatikana kwingine.

La tano, pengo hili limezaa soko. Tunasomea madesa ya steshenari: kopi ya kopi, kurasa zimeruka, tanbihi zimekatwa, jina la mwandishi halipo. Mwenye pesa anatoa kopi ya sura nzima, na asiye nayo anasimuliwa. Wenzetu wasioona hata kusimuliwa ni kwa hisani, kwa sababu kitabu cha saa mbili kisichotoka nje ya jengo hakiwezi kugeuzwa kuwa sauti wala nukta nundu kwa muda huo.

MADAI

1. Orodha za akiba ziwasilishwe maktabani wiki 4 kabla ya muhula kuanza, na Mkuu wa Idara asiidhinishe muhtasari wa kozi yoyote bila mhuri wa maktaba unaothibitisha kuwa orodha imepokelewa. Hili ndilo dai letu kubwa, na halihitaji fedha.

2. Idadi ya nakala ifuate idadi ya wanafunzi waliosajiliwa katika kozi zote zinazotumia kitabu hicho. Kisipoweza kununuliwa, mhadhiri aonyeshe sura za lazima ili kisigombewe chote.

3. Sura hizo na makala moja moja ziskaniwe na kuwekwa kwenye mfumo wa chuo wa kujifunzia, zifunguliwe kwa nywila na waliosajili kozi peke yao, na ziondolewe muhula ukiisha. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, Sura ya 218, inaruhusu kunakili sehemu fupi kwa ajili ya kufundishia, kwa masharti yake. Mwanasheria wa chuo atoe mwongozo wa maandishi ili mhadhiri asiwe na hofu na mwandishi asidhulumiwe.

4. Kaunta ya akiba ifungwe pamoja na maktaba, na ruhusa ya kulala na kitabu iwekwe kwa zamu kuanzia saa 10 jioni, ili anayeishi mbali naye apate zamu yake.

5. Wanafunzi wasioona wapewe vitabu vya akiba katika muundo wanaoweza kuusoma. Tanzania imejiunga na Mkataba wa Marrakesh wa 2013, uliotungwa kwa ajili yao.

6. Kila mwisho wa muhula akiba ipitiwe, visivyotumika virudi rafuni, na katalogi ionyeshe wazi kitabu kiko wapi.

AHADI ZETU

Mheshimiwa Naibu Makamu Mkuu wa Chuo, wapo miongoni mwetu wanaochana kurasa na wanaokificha kitabu cha historia katikati ya vitabu vya kemia ili wakikute kesho. Hatuwatetei. Viongozi wa madarasa watasimamia zamu, watashirikiana na wakutubi kukagua rafu kila Ijumaa, na watakaobainika watafikishwa mbele ya kamati ya nidhamu. Tuko tayari pia kutoa wanafunzi wa kujitolea kusaidia kazi ya kuskani, chini ya usimamizi wa wakutubi.

Tunaomba majibu ya maandishi, dai kwa dai, yakionyesha lililokubaliwa, lililokataliwa na sababu yake, pamoja na jina la ofisi itakayowajibika. Dai la kwanza linaweza kuanza muhula ujao, na kwa hilo tunaomba majibu kabla likizo haijaanza, wakati wahadhiri bado wanaandaa mihtasari yao.

Tunawasilisha kwa heshima.

Wanafunzi wa Shahada ya Kwanza