Ukurasa wa Nyumbani: Kamera ya Harusi kwa Akiba Ndogo

Msomaji wetu mmoja wa Gisenyi, ambaye mumewe ni askari, ametuletea swali lifaalo kujibiwa hadharani, kwani wengi wamo katika hali kama yake. Rafiki yake wa tangu utotoni anaolewa. Fedha za kumlipa mpiga picha wa kazi hazipo, naye ameombwa kuishika kazi hiyo. Je, anunue kamera gani kwa akiba aliyo nayo?

Kabla ya kutaja kamera, yafaa tuupime uzito wa kazi yenyewe. Harusi ya Rwanda si shughuli moja. Kuna posa na mahari, yaani gusaba na gukwa. Kuna kiapo mbele ya serikali katika ofisi ya sekta, maharusi wakiinua mkono wa kuume na kushika bendera ya taifa. Kuna ibada, kisha karamu. Hakuna hata moja kati ya hizo itakayorudiwa kwa ajili ya mpiga picha aliyeishiwa betri. Tena katika familia za askari na polisi, aghalabu yuko ndugu aliye kazini mbali. Waliopelekwa Cabo Delgado, nchini Msumbiji, kuanzia mwaka 2021, hawakuweza kurudi nyumbani kila ndugu alipoolewa. Kwa mtu kama huyo, picha ndiyo kiti chake karamuni.

Basi, la kwanza: usiitie akiba yote katika kamera mpya. Kamera ya mtumba iliyotunzwa vema yatosha. Kwa mfano, Nikon D7000 iliyotoka mwaka 2010 ina nafasi mbili za kadi, hivyo kila picha yaweza kuhifadhiwa mara mbili kwa wakati mmoja. Kadi moja ikiharibika, nyingine imesalia. Kamera nyingi za bei nafuu zina nafasi moja tu. Kabla ya kulipa, jaribu vitufe vyote, kisha upige picha ya ukuta mweupe na kuikuza. Madoa yanayorudi mahali pale pale katika kila picha ni dalili ya uchafu ndani.

La pili ni lenzi, na hapa ndipo fedha iendapo kwa faida. Kila lenzi ina namba ya tundu la kupitishia nuru: namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya kawaida inayouzwa pamoja na kamera, ya milimita 18 hadi 55, hufaa nje mchana. Lakini ukiivuta hadi 55, namba yake haishuki chini ya 5.6. Lenzi isiyovutika ya milimita 35 au 50, yenye namba 1.8, haina bei kubwa, nayo hupitisha nuru zaidi ya mara tisa. Ndani ya kanisa lenye madirisha machache, tofauti hiyo ndiyo itengayo uso ulio wazi na kivuli kilichotikisika. Kwa kamera tuliyoitaja, twapendelea ya 35, maana ya 50 itakurudisha nyuma hadi ukutani chumba kikiwa kidogo. Mwenye Nikon ya jamii ya D3000 au D5000 atafute lenzi iliyoandikwa AF-S, kwani kamera hizo hazina mota ya kuzilenga lenzi za zamani.

La tatu ni flashi, kwa ajili ya karamu ya usiku. Usiielekeze usoni mwa watu. Ielekeze kwenye dari jeupe ili nuru irudi kwa upole. Chini ya turubai la rangi usifanye hivyo, la sivyo nyuso zote zitachukua rangi ya turubai. La nne, betri mbili na kadi za akiba. Hizi hazina mjadala. Fedha ikipungua, kodi lenzi au flashi kwa siku za shughuli tu.

Yako pia mambo yasiyohitaji fedha. Gauni jeupe likijaa katika picha, kamera hudhani nuru ni nyingi mno, nayo hutia giza nyuso za maharusi. Ongeza nuru kidogo kwa kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa. Ufukoni mwa Kivu, jioni jua likishuka upande wa ziwa, usiwasimamishe maharusi wakilipa jua kisogo bila flashi, maana watatoka weusi tii. Na kwa kuwa mji uko mpakani, kamera isielekezwe kwenye vizuizi wala kwa walinzi.

Mwisho, nenda kanisani Jumapili moja kabla, saa ile ile, uombe ruhusa, upige picha chache na kuzisafisha mbili tatu. Nyuso zisipoonekana vema, mwambie rafiki yako upesi atafute mwingine. Kumwambia mapema ni uungwana. Kumwambia baada ya harusi ni kumwachia majuto yasiyo na dawa. Na kazi ikifanikiwa, usilale usiku ule kabla ya kuzinakili picha zote mahali pawili.